Gari la milango miwili: kabla hujalipa, mpandishe mama yako nyuma

Mume wangu ni mtu wa heshima zake. Siku ile nje ya ukumbi wa harusi, Tanga mjini, alisimama kando ya Suzuki Escudo yetu ya milango miwili jasho likimtiririka, hajui mikono aiweke wapi. Mama yangu mzazi alikuwa amekwama nyuma ya kiti cha abiria: mguu mmoja ndani, mwingine hewani, pindo la kitenge limenasa kwenye reli ya kiti. Amsukume? Mkwe hasukumwi. Amvute? Amshike wapi? Mimi nilikuwa upande wa dereva nakivuta kiti kisichovutika. Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda. Alisema, "Shikamoo bibi, naomba unisamehe," akamshika kiunoni, akamchomoa. Mama hakutamka neno mpaka tumeketi ukumbini. Ndipo akasema, "Kurudi nitapanda basi."

Gari lile nililinunua mwenyewe, kwa hela yangu, kwenye yadi moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Na sikununua kijinga. Nilikwenda na fundi, akalala chini kuangalia chesisi, akasikiliza injini ikiwa ya baridi, akajaribu 4WD. Kiti cha mbele cha abiria hatukukigusa. Kilikuwa na kava mpya nyeusi, imeshonwa vizuri, na dalali akanipigia saluti: "Dada yangu, viti hivi kama havijakaliwa." Niliporudi Dar nikakata mshono wa kava begani mwa kiti, pale ulipotakiwa kuwepo wenzo wa kukilaza. Wenzo haukuwepo. Kulikuwa na tundu na ncha ya waya uliokatika.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia ulaji wa mafuta, wala upatikanaji wa spea, wala rangi inayouzika. Hayo utaambiwa na kila mtu, hata usipomuuliza. Mimi nataka kuzungumzia kiti.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu ya milango. Tangazo likisema "milango mitatu", wa tatu ni ule wa nyuma wenye tairi la akiba. Watu wanapitia miwili tu, na gari la hivyo ndilo tunaloliita "fupi". Ndugu mmoja aliniandikia kwamba aliagiza RAV4 kutoka Japani akiamini kuna mlango wa abiria wa nyuma upande mmoja, kama baadhi ya Noah za zamani. Nilicheka, kisha nikajionea aibu, maana mimi nililiona gari kwa macho yangu na bado nikaliwa.

Sasa kiti. Kiti kinachoinama si kiti kinachosogea. Kuinama ni mgongo tu kulala mbele. Makalio ya kiti yanabaki palepale, na wewe unabaki na upenyo wa kupita paka. Kusogea ni kiti kizima kuteleza kwenye reli kuelekea dashibodi. Ukivuta wenzo wa begani, waya uliomo ndani ya mgongo unafungua kufuli la reli, na springi inakisukuma kiti mbele. Waya ukikatika, au reli ikijaa mchanga, sarafu na maganda ya karanga, kiti kinarudia kuinama tu, na hakuna taa ya dashibodi itakayowaka kukuambia. Kwa magari yaliyoishi pwani ongeza kutu. Magari mengi ya aina hii yana mtambo wa kusogea upande wa abiria pekee, kwa hiyo usiridhike kujaribu upande wa dereva ukadhani umejaribu vyote.

Halafu kuna kurudi. Kiti kizuri kikirudishwa kinakwenda kukaa pale kilipokuwa. Kibaya kinajifungia kwenye tundu la kwanza kinalolikuta, abiria wa mbele anajikuta magoti yamegusa dashibodi, naye anakirudisha nyuma kwa hasira hadi kwenye magoti ya aliye nyuma. Kila kituo. Safari ya Dar mpaka Morogoro mnaweza kugombana mara nne kwa sababu ya kiti.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi hawalifikirii: kushuka. Aliye nyuma, mlango umefungwa, peke yake, anaufikia wenzo? Kwenye magari mengine kuna kanyagio dogo au kamba nyuma ya kiti, na mengine wenzo wa begani unafikika kwa mkono. Ukishavisha kava ya kushonwa hapa kwetu, yote hayo yanazikwa. Fundi kava anataka kiti kinyooke kama godoro jipya, na ukimwambia aache tundu la wenzo anakutazama kama umemtukana. Mwambie hivyohivyo. Simama pale mpaka alikate.

Haya, tuyapange magari yenyewe.

Namba moja: Pajero fupi, na sitaki ubishi

Mimi ni mtu wa Mitsubishi, mnijue kabisa. Baba alikuwa nayo, mjomba alikuwa nayo, na mimi nilikuwa mjinga wa kuiacha. Lakini hapa hata asiyeipenda atakubali. Pajero fupi ya kizazi cha tatu, iliyoanza 1999, ina milimita 2545 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Escudo fupi ya kwanza ina 2200. Hizo sentimita 34 na nusu ni nafasi ya goti la mtu mzima, na ndizo zinazoruhusu mlango uwe mrefu. Kwenye ile niliyojaribu, kiti kilikwenda mbele chote kwa mkono mmoja, na shangazi yangu, ambaye si mwembamba na hapendi kuambiwa hivyo, aliingia akiwa na pochi yake begani.

Kasoro zake nazijua. Iko juu, kwa hiyo bila kikanyagio cha pembeni mzee anahitaji mkono wa kushika. Hakikisha kikanyagio kipo na hakijaliwa na kutu kwenye miguu yake. Mlango ule mrefu unahitaji nafasi kuufungua: pale Kariakoo, magari yakiwa yamebanana, utaufungua nusu, na nusu ya mlango mrefu haimsaidii mtu. Injini ya petroli ya lita 3.5, ile ya GDI, siitaki hata bure. Tafuta ya dizeli, lita 3.2, inayoandikwa V68W kwenye kadi ya gari. Ukikosa, kizazi cha pili, V26W ya dizeli 2.8, nayo nzuri, ingawa ekseli zake ziko karibu zaidi, milimita 2420.

Namba mbili: RAV4 fupi

Roho inaniuma kuiweka ya pili, maana kwa mtu mwenye magoti mabovu ingekuwa ya kwanza. RAV4 haikujengwa juu ya fremu ya lori. Bodi na chesisi ni kitu kimoja kama gari dogo la kawaida, hivyo sakafu iko chini na kizingiti cha mlango hakimlazimishi mtu kuinua mguu mpaka kifuani. Mama alipanda ya jirani, kizazi cha kwanza kilichotoka 1994, akasema "hili ni gari la watu". Nyuma ni watu wawili tu, na mkiwa warefu mtaongea mkiwa mmekunja shingo. Kizazi cha pili, kuanzia 2000, kina milimita 2280 kati ya ekseli badala ya 2200 za mwanzo. Kizazi cha tatu Toyota hawakutoa fupi tena, kwa hiyo mjue kila RAV4 fupi unayoiona imekwisha kuwa mtu mzima. Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, zilizopo ndizo zilizopo. Mnapokezana wenyewe kwa wenyewe, na waya zile za viti zinazidi kuchoka.

Namba tatu: Prado fupi

Ile ya series 90, ya miaka ya 1996 hadi 2002. Nzuri, kati ya ekseli ni kama milimita 2370, kupanda si kubaya. Lakini unalipia jina. Nilimuuliza dalali kwa nini Prado ya milango miwili iuzwe karibu sawa na ya milango minne, wakati abiria hawaenei sawa. Akanijibu, "Sista, hii ni Prado." Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Namba nne: Jimny

Vijana wataniandama. Ni gari zuri la milimani, linapita pale ambapo Pajero ninayoisifu ingeomba radhi. Lakini linabeba watu wanne, kati ya ekseli ni milimita 2250, na wawili wa nyuma wawe watoto au wapenzi. Suzuki wenyewe wamekiri: Januari 2023 walionesha India Jimny ya milango mitano, wakarefusha nafasi kati ya ekseli mpaka 2590. Yaani nyongeza yote, milimita 340, waliiweka palepale ninapopigia kelele mimi. Ilipoanza kuagizwa Japani mwanzoni mwa 2025 walilazimika kusimamisha oda ndani ya siku chache kwa wingi wa wanunuzi. Nadhani wote walikuwa na wakwe.

Namba tano: Escudo fupi

Mmeshaisikia.

Pajero Mini na vijigari vingine vya cc 660? Ni vya watu wawili na mikoba.

Nje ya orodha ipo Land Cruiser ndefu ile ya HZJ78, tunayoiita mkonga, ambayo mbele ina milango miwili lakini nyuma watu wanaingilia mlango wa nyuma na kukaa kwenye mabenchi yanayotazamana. Defender 90 ya zamani ni hivyohivyo. Hapo tatizo langu halipo kabisa: hakuna kiti cha kulaza, mtu anapanda kama anapanda chai maharage, zile gari za abiria za mabenchi za enzi zile. Ila angalia mikanda, kwa sababu kwenye mabenchi ya pembeni mara nyingi ni ya kiunoni tu au haipo, na mkwe akirushwa kwenye tuta utasikia habari yake ukoo mzima.

Walioko Burundi na mashariki ya Congo, hili ni lenu. Kwetu Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo kiti cha abiria chenye mtambo kinafungukia ukingoni, kwenye usalama. Kwenu mnaendesha kulia, na magari mengi ya Japani yanawafikia yakiwa na usukani uleule wa kulia. Maana yake kile kiti kinachosogea kinamteremsha bibi katikati ya barabara, mbele ya malori. Msomaji wa Bujumbura aliniambia kwake watoto wanashukia upande wa dereva, ambako kiti kinainama tu. Kwenu, basi, kama kiti cha upande wa dereva hakisogei, msinunue.

Wauzaji sasa. Matangazo ya magari ya Japani yana picha 40: rimu, kisahani cha spidi, buti, hata chini ya kapeti. Sijawahi kuona hata moja yenye kiti cha mbele kimesogezwa. Omba hiyo picha. Ombeni video fupi kabisa, mtu avute wenzo, kiti kiende, kirudi. Mimi niliwahi kuomba kwenye yadi ya hapa, nikaambiwa "mama, unanunua gari au kochi?" Na bei wanapanga wanavyotaka, wakikuhesabia ushuru, VAT ya asilimia 18 na tozo ya uchakavu kana kwamba walilipa leo, wakati gari limekaa yadi tangu mvua za mwaka juzi. Ukiwaambia waya wa kiti umekatika, "kitu kidogo hicho". Ni kidogo, basi nipunguzie. Hapo ndipo simu yake inapoanza kuita.

Waya wenyewe niliupata kwenye kiti cha Escudo iliyochinjwa, Ilala, baada ya kuzunguka Jumamosi mbili. Fundi aliuunga, akapiga brashi reli, akapaka grisi. Sasa kiti kinasogea. Mama bado anakaa mbele, na mume wangu ndiye anayepanda nyuma.