Rupia ya kuvumbikwa: duka la sarafu za kale Mji Mkongwe

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne na nusu kama si lile kabati la vioo pale mlangoni.

Jina la duka sitalitaja, maana mwenyewe nimeongea naye na tumemalizana. Lakini anayezunguka Mji Mkongwe kutafuta sarafu atalikuta tu, na asipolikuta hilo atakuta jingine la namna hiyo hiyo.

Nilikwenda kutafuta rupia ya Mjerumani, sarafu ya fedha iliyotumika huku enzi za ukoloni wa Kijerumani. Nyumbani Tanga tunazo nne, alizoacha bibi yangu wa Pangani ndani ya kibweta cha mbao, kila moja kaiviringisha kwenye kipande cha karatasi na zote kazifunga ndani ya kaniki. Tatu ni za 1890, zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake yenye tai juu, upande wa pili ngao ya simba. Ya nne ni ya 1904, Kampuni imeshaondoka, imeandikwa Deutsch Ostafrika. Mimi nilitaka yenye herufi J, iliyopigwa Hamburg, kwa sababu hiyo hatuna.

Ilikuwepo, ndani ya lile kabati. Ya 1910, imelazwa juu ya mahameli nyeusi na taa ndogo inaimulika kutoka juu. Rangi zake, nyie! Samawati, manjano, bluu, kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi baada ya mvua. Bei 240,000. Rupia za kawaida pale zilikuwa 90,000, na mwenye duka akanieleza kwamba hii ni ghali kwa ajili ya rangi: "Dada yangu, hii imekaa sandukuni miaka mia moja, rangi hizo zimekuja zenyewe." Tukapatana 200,000. Nikaondoka na furaha yangu.

Furaha iliisha usiku wa kwanza nyumbani, nilipoiweka kando ya ile ya bibi ya 1904 chini ya taa, na kioo cha kukuzia mkononi.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Madini ya fedha hubadilika rangi kwa sababu ya salfa, ambayo imo kwenye hewa, kwenye moshi, kwenye karatasi, kwenye mpira. Juu ya sarafu unajengeka utando mwembamba mno, na mwanga unaogonga juu ya utando ukikutana na ule unaorudi kutoka chini yake, jicho linaona rangi. Rangi inafuata unene, kwa hiyo zinakuja kwa zamu. Kwanza manjano kama chai ya rangi iliyopoa, kisha wekundu wa kahawia, zambarau, bluu, samawati iliyopauka. Utando ukizidi, manjano na waridi na kijani vinarudi tena, na mwisho wa yote ni weusi. Utando haujengeki kwa kuruka.

Ya bibi inasomeka hivyo hivyo. Ukingoni ni bluu, ukiingia ndani zambarau, halafu wekundu, na karibu na shavu la Kaisari ni rangi ya majani makavu. Kuzunguka herufi za neno IMPERATOR kuna ukanda mwembamba uliobaki mweupe zaidi, kwa sababu pale kwenye pembe ya herufi utando huwa mwembamba. Na ukiigeuza taratibu, katikati ya herufi na herufi bado kuna mng'ao unaotembea chini ya rangi.

Yangu ya 200,000 ilitoka manjano ikatua kwenye bluu, wekundu haupo kabisa. Bluu yenyewe ilikuwa mabaka. Ilipita moja kwa moja juu ya mbawa za tai na juu ya shavu, sehemu ambazo mikono ya watu imeshazisugua zikawa laini bila mng'ao wowote, na rangi kali namna ile haitoki kwenye uso uliolika. Mikwaruzo ilijaa bluu nzito, kana kwamba kitu cha majimaji kilituama humo. Nikaipima: gramu 11.6, sawa kabisa na inavyotakiwa. Nikaiosha kwa asetoni safi, hakikubanduka kitu. Wengi wakifika hapo hupumua. Wasipumue. Asetoni inatoa rangi ya kupaka na mafuta. Salfa iliyoshikana na fedha haitoi, hata kama imeshikana juzi.

Kwetu ndizi iliyoivia mgombani na ndizi ya kuvumbika zote ni za njano, na mlaji anazijua kwa ulimi. Rupia hii ilikuwa imevumbikwa. Wapo wanaofungia sarafu kwenye mfuko na kiini cha yai la kuchemsha, wapo wanaotumia dawa ya salfa na moto. Kikemia utando ni ule ule, ndiyo maana mabishano hayaishi. Lakini mimi nililipia miaka mia nikapewa labda wiki moja.

Na bado sikuwa nimeona lililo kubwa. Nilipoisimamisha kwa ukingo, juu kabisa ya kichwa cha Kaisari, mistari midogo ya ukingoni ilikuwa imefutika kiasi cha urefu wa punje ya mchele. Pale palilehemewa kitanzi. Rupia hii iliwahi kuwa kidani shingoni mwa mtu, kisha kitanzi kikatolewa, pakapigwa tupa, na bluu ikamwagwa kuficha. Hilo ndilo lililoniuma. Rupia za kidani ni historia yetu, mama zetu walizivaa. Wangeniambia ukweli ningeinunua kwa 60,000 na ningeipenda.

Niliporudi Unguja niliangalia kabati lote upya. Mle mna reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, nyeusi tii kwenye mikunjo ya nguo na inameta kwenye pua na bega, inauzwa kama "ya enzi za Sayyid", yaani za masultani wa Zanzibar. Reale zote za aina hii zina mwaka 1780, kwa sababu baada ya Maria Theresa kufariki mwaka huo watu waliendelea kuzipiga kwa mwaka ule ule, na Vienna wanazipiga hadi leo. Kwa hiyo mwaka haukusaidii, na weusi uliosuguliwa sehemu za juu tu haukusaidii hata kidogo. Gramu zake 28 ni za kweli. Kinachouzwa kwa bei ya juu ni uzee.

Sasa mazuri, maana yapo. Mwenye duka ni muungwana. Alinipa kiti, akaleta mizani mwenyewe, hakunipandishia sauti. Nilipomwonyesha alama ya kitanzi alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nazinunua hivi hivi, dada, na wageni wanataka zenye rangi." Pesa hakurudisha. Alikubali kubadilisha, na hapo ndipo alipotoa kopo.

Ni kopo la maziwa ya unga, limejaa sarafu ambazo hakuna aliyezishughulikia. Shilingi za Afrika Mashariki za simba na milima, zile za 1921 hadi 1946 ambazo robo yake tu ni fedha, zote zimekuwa kijivu cha udongo jinsi zinavyotakiwa kuwa. Chini yake rupia. Nilichambua karibu saa nzima nikapata ya 1913 yenye J, kahawia iliyokolea, uchafu mweusi umeganda kati ya herufi, ukingo mzima mistari yote ipo. Haina hata tone la bluu. Akaniongezea kumi na mbili za zile shilingi za kale kufidia tofauti, na akaniuliza kama nataka azisugue kwa ndimu na majivu kwanza. Nilimwomba sana asizisugue, na ninaomba yeyote atakayeulizwa swali hilo ajibu vivyo hivyo.

Kopo liko chini ya meza, upande wa mkono wa kulia. Haletewi mteja mpaka aliulizie.