Duka la vito karibu na Biashara Street, jiwe la Taita limekatwa hapa hapa Nairobi

Nimetafuta pete ya mamangu ya kutimiza miaka 60 karibu mwezi mzima na nilitaka jiwe moja tu, tsavoraiti, kile kito cha kijani, juu mjomba alichimba Kasigau kule Taita Taveta miaka mingi na akafa hajawahi kuona hata moja ikiwa imekatwa. Alikuwa anauzia broka kando ya barabara, jiwe limefungwa kwa gazeti, bei anataja mnunuzi, basi.

Maduka ya mall niliingia matatu. Ukiuliza jiwe limetoka wapi unaambiwa limeletwa likiwa limeshakatwa nje, yaani limetoka Taita Taveta, likapanda ndege, likarudi, na mimi ndio nalipia hiyo safari.

Hapa ni ghorofa ya pili, kaduka kadogo, fundi anakata mwenyewe pale nyuma. Alinitolea jiwe ghafi, liko kama kiazi, kwa nje la kijivu tu, akaweka tochi chini yake na kijani ikawaka ndani, nikanyamaza kabisa. Akanieleza tsavoraiti haichomwi kuongezwa rangi kama mawe mengine, na safi ya kupita karati 3 (karati ni kipimo cha uzito wa vito) ni nadra sana.

Nikamuuliza ananunua kwa nani, akafungua daftari: jina la mchimbaji, uzito, pesa aliyolipwa. Hiyo daftari ndio imenifanya niandike. Uhuru tulipata 1963 lakini sheria ya madini ya mkoloni ya 1940 tukakaa nayo mpaka 2016, na haikumtambua mchimbaji mdogo wa sururu, hata jina tsavoraiti lilitangazwa na Tiffany, wauza vito wa New York, 1974. Sheria mpya ndio imemtambua, na inasema mrabaha, yaani ile ada inayolipwa kwa madini yaliyochimbwa, asilimia 70 iende serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Binamu zangu bado wanaiulizia hiyo 10.

Kasoro zipo. Waliniahidi wiki moja ikawa tatu na simu hawashiki, halafu kijino kimoja cha kushika jiwe kilikuwa kinakwaruza, nikarudisha, wakarekebisha bure. Karati 0.7 na pete ya fedha, elfu 42, risiti nilipewa. Nyota 4.

Mamangu aliipeleka dirishani kwa mwanga, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Ndio hii kakangu alikuwa anatafuta?"