Spika za masikioni za bei nafuu: zipi zitangulie, na namna ya kuzipima kabla ya kulipa

Mnunuzi wa iafoni, yaani hizo spika ndogo za masikioni, anayeingia katika duka la vifaa vya simu Tabora mjini huulizwa kwanza kama anataka zenye besi (sauti nzito za chini) au za kawaida. Swali hilo lina nia njema, lakini halimsaidii, kwa sababu iafoni ileile inaweza kuwa na besi nzito katika sikio la muuzaji na kuonekana haina besi kabisa katika sikio la mteja. Kinachoamua, kabla ya jina la kampuni na kabla ya idadi ya shilingi, ni kama iafoni imeziba vizuri tundu la sikio la yule atakayeivaa. Kwa sababu hiyo, orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa kuangalia mkao kwanza na sauti baadaye, jambo ambalo limeshusha chini baadhi ya iafoni zinazosifiwa sana.

Zinazozungumziwa ni iafoni za waya zinazoingia ndani ya sikio, ambazo waya wake hupitishwa juu ya sikio na kushukia nyuma. Umbo hilo lilianza kwa wanamuziki waliotaka kujisikiliza wakiwa jukwaani, na kwa muda mrefu halikuwa la mtu wa kipato cha kawaida. Leo viwanda vya China vinauza iafoni nzuri za namna hiyo kwa dola 20 hivi za Marekani, yaani karibu shilingi 50,000 kabla ya gharama za kusafirisha. Zile za Bluetooth zinazouzwa kwa bei hiyo zimeachwa nje kwa makusudi: sehemu ya pesa yake huishia kwenye betri, chaja na kikasha, na betri ikichoka hakuna fundi anayeona faida ya kuibadilisha.

Tuanze na kuziba, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Sauti za chini huhitaji hewa iliyofungiwa kati ya iafoni na ngoma ya sikio. Ukiwapo mwanya mdogo tu pembeni mwa kile kipira laini cha mbele, shinikizo la hewa linavuja, besi inatoweka, na sauti zinazobaki zinakuwa kali na nyembamba. Mteja huyo atarudi dukani akisema ameuziwa feki, ilhali kosa ni la kipira. Njia ya kupima ni rahisi: vaa iafoni, weka wimbo wenye gitaa la besi unaoufahamu, kisha isukume ndani taratibu kwa ncha ya kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kipira ulichovaa ni kidogo au hakijaingia sawasawa. Isipobadilika, kimeziba.

Iafoni nyingi za daraja hili huja na vipira vya silikoni vya ukubwa wa aina tatu, na watu wengi hubaki na vile vya kati vilivyokuwa vimeshavishwa kiwandani, bila kugusa vingine ndani ya boksi. Jaribu vyote. Usishangae sikio la kulia likihitaji kipira kikubwa kuliko la kushoto, kwa maana matundu mawili ya mtu mmoja hayalingani sikuzote. Unapovaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha ingiza iafoni kwa kuizungusha kidogo. Wasiopata ukubwa unaowafaa wanunue vipira vya sponji, ambavyo hubinywa kwa vidole, huingizwa sikioni, kisha hutanuka vyenyewe. Huzuia kelele vizuri zaidi, ingawa huchakaa mapema na hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu. Mwenye shilingi 60,000 nitamshauri anunue iafoni ya 45,000 na vipira bora kwa pesa iliyobaki, kuliko kumaliza zote kwenye iafoni.

Maumivu nayo yana lugha yake. Uchungu mdomoni mwa tundu maana yake kipira ni kikubwa, au ile shingo inayokishika ni nene kuliko tundu. Uchungu kwenye bakuli la sikio, pale gegedu inapojikunja, unatokana na umbo la kasha la iafoni lenyewe, na huo hauponi kwa kubadili vipira. Tatizo ni kwamba dakika mbili za kujaribu dukani hazitoshi kuuonyesha, kwani mara nyingi huanza baada ya nusu saa au zaidi. Muombe muuzaji mkubaliane kabla ya kulipa kama anapokea iafoni iliyorudishwa siku ya pili ikiwa safi na boksi lake halijachanika. Wapo watakaokataa, kwa kuwa ni kifaa kinachoingia mwilini, na hawana kosa. Lakini ni heri ulijue hilo mapema. Anayenunua kwa ajili ya safari ya treni ya usiku kwenda Kigoma aongeze kipimo kimoja: alaze sikio juu ya mkoba au mto akiwa ameivaa. Iafoni iliyochomoza nje itamkandamiza kila akigeuka, hata kama akiwa ameketi haihisi kabisa.

Joto la Tabora la mwezi wa Septemba na Oktoba halina huruma kwa vifaa hivi. Jasho hulainisha vipira vikateleza, na unyevu ukichanganyika na nta ya masikio huziba kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye shingo ya iafoni. Ndipo mtu husema upande mmoja "umekufa". Mara nyingi haujafa. Wavu umeziba, na ukisafishwa au kubadilishwa sauti hurudi.

Sasa sauti. Kipimo cha haki ni muziki unaoufahamu vizuri, wala si ule wimbo wa ngoma nzito ambao muuzaji ameuandaa ili ukushtue. Kwa mtu wa hapa, rekodi za zamani za muziki wa dansi, kama zile za Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, zinafaa sana, kwa sababu gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi na tumba vinakwenda pamoja muda wote na kila kimoja kina njia yake. Lifuate gitaa la ridhimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Likimezwa na besi, iafoni hiyo imejazwa sauti za chini kupita kiasi. Kisha sikiliza mwimbaji wa kike au kwaya, ukizingatia herufi "s" na "sh": zikichoma kama sindano, sauti za juu zimepandishwa ili iafoni ionekane safi katika zile dakika chache za dukani, na baada ya saa moja zitakuchosha. Mwisho, weka mazungumzo ya redio ya mtu mmoja anayesoma habari. Sauti yake inapaswa kukaa katikati kabisa ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, pande mbili za iafoni hazilingani na hiyo uiache.

Ipo sababu ya kitaalamu inayofanya iafoni za mitaani zifiche sauti za waimbaji. Tundu la sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti zilizo karibu na 3,000 Hz (mitetemo 3,000 kwa sekunde), eneo linalobeba uwazi wa maneno. Iafoni ikiliziba, ukuzaji huo wa asili hubadilika, hivyo mtengenezaji analazimika kuurudisha kwa namna anavyoitengeneza iafoni yake. Utafiti wa Sean Olive na wenzake katika kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, miaka ya 2010, ulionyesha mpangilio wa sauti ambao wasikilizaji wengi huupenda, na viwanda vidogo vingi vya China vimeutumia kama dira. Hii ndiyo siri ya kwa nini iafoni ya dola 20 ya leo huishinda ile iliyouzwa dola 100 zamani. Idadi ya draiva (vile vispika vidogo vinavyotoa sauti) zilizomo ndani, ambayo huandikwa kwa maandishi makubwa kwenye maboksi, haina uzito huo. Draiva moja iliyopangwa vizuri inatosha.

Nafasi ya kwanza naipa 7Hz x Crinacle Zero:2, iliyotoka mwaka 2023 kwa ushirikiano wa kampuni ya 7Hz na mchambuzi wa Singapore anayejulikana kwa jina la Crinacle. Ina draiva moja ya milimita 10, kasha la plastiki jepesi, na waya unaochomoka. Besi yake inashuka chini bila kumfunika mwimbaji, sauti za juu ni tulivu, na wepesi wake unamfaa mtu anayevaa iafoni saa nyingi mfululizo. Kasoro yake ni kwamba kwa masikio madogo huchomoza, kwa hiyo si ya kulalia. Sioni sababu ya mnunuzi wa mara ya kwanza kuanza na nyingine.

Ya pili ni Moondrop Chu II. Kuna watakaoiweka juu ya Zero:2 kwa uwazi wa sauti, na sitabishana nao sana: gitaa na vinanda vinasikika kwa usafi wa kupendeza, na kasha lake ni dogo, hivyo masikio membamba hulipokea kwa urahisi. Kilichoishusha ni uzito, kwa kuwa imetengenezwa kwa aloi ya zinki, na asiyepata kipira cha saizi yake ataiona ikiteleza taratibu kadiri anavyotembea. Vilevile kichujio chake si rafiki wa unyevu, ingawa kampuni imefanya jambo la busara kwa kukiweka kwenye shingo inayofunguka na kubadilishwa. Anayepewa Chu ya kwanza, ya mwaka 2022, kwa bei ileile aikatae, kwa sababu waya wake hauchomoki. Ukikatika, safari ya iafoni hiyo imeishia hapo isipokuwa kwa fundi mwenye subira.

Tangzu Wan'er S.G. inashika nafasi ya tatu. Imepewa jina la Shangguan Wan'er, mwanamke mshairi wa enzi ya Tang, na boksi lake ni zuri kuliko bei yake. Sauti yake ina joto, waimbaji wanakuwa mbele, na kwa taarabu, kwaya na kaswida huenda ikawapendeza wengi kuliko zile mbili za juu. Ni ya plastiki, nyepesi, na haina makuu.

KZ ZSN Pro X ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi kati ya zote, na ndiyo inayoongoza kwa kumvutia mtu dukani, kutokana na uso wake wa chuma na besi yake inayopiga. Nimeiweka ya nne kwa sababu sauti zake za juu ni kali. Kijana wa singeli ataifurahia kwa nusu saa, lakini mwanafunzi anayesikiliza masomo usiku kucha ataivua mapema. Plagi ya waya wake, ile inayoingia kwenye iafoni, ina kofia ya plastiki inayotofautiana na ile ya pini mbili za kawaida, kwa hiyo waya wa akiba ununuliwe kwa kutaja jina la iafoni.

Mwenye dola 55 anaweza kuruka yote haya na kuchukua Truthear x Crinacle Zero:RED, yenye draiva mbili na besi bora kuliko zote zilizotajwa. Shingo yake, hata hivyo, ni nene kweli, na ni makosa kuinunua bila kuijaribu.

Iafoni za shilingi 5,000 zenye majina makubwa ya kampuni za simu sizipangi. Nyingi ni bandia, na hata mbili zilizotoka katika boksi moja hazilingani sauti.

Kuhusu simu, nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa bado zina tundu la milimita 3.5, na iafoni zote zilizotajwa zinalichomekea bila kifaa kingine. Simu isiyo na tundu hilo inahitaji adapta ya USB-C yenye chipu yake ya kubadili sauti. Zile za bei ya chini kabisa, zisizo na chipu, hukataa kufanya kazi katika simu nyingi, na adapta ya Apple hutoa sauti ndogo katika simu nyingi za Android. Hakikisha pia umeagiza toleo lenye maiki kama unapiga simu nazo, kwa kuwa nyingi ya iafoni hizi huuzwa kwa matoleo mawili yanayofanana kwa sura.

Kwa anayeagiza kutoka Kariakoo na kutumiwa mzigo kwa basi, amuombe muuzaji picha ya boksi likiwa limefunguliwa, vipira vyote vikionekana, pamoja na pini mbili za waya zikiwa zimenyooka. Pini hizo zina unene wa karibu milimita 0.78 tu, na ikipinda moja kisha ikalazimishwa, hukatikia ndani ya kasha. Zichomekwe kwa kusukuma wima bila kutikisa, na zisichomolewe ila kuna sababu.

Kiwango cha sauti nacho kipangwe mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Katika treni au daladala mtu hupandisha sauti ili kushinda mngurumo, na hapo iafoni iliyoziba vizuri humruhusu kusikiliza chini zaidi. Kwa mwendesha baiskeli na bodaboda, kuziba huko kunamzuia kusikia honi ya lori lililo nyuma yake, kwa hiyo barabarani azivue zote mbili.