Chanjo ya paka baada ya mzio: uzoefu wangu na Johari na Sultani

Naandika kwa ajili ya mwenye paka aliyechanjwa akaugua, na sasa hajui kama arudi tena kliniki au aache. Mimi naishi Mji wa Kale, Mombasa, na nina paka wawili. Johari ni jike wa ndani, mlangoni tu ndio mwisho wake. Sultani ni dume, anashinda vichochoroni na kurudi kula. Walichanjwa chanjo zilezile, kliniki moja, siku moja. Sultani alilala tu hadi kesho yake. Johari nusura afe.

Paka wengi mjini hapa hupewa chanjo mbili. Ya kwanza ni ile ya tatu kwa moja: inakinga panleukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoweza kumaliza vinyau wa uzao mzima kwa muda mfupi, pamoja na virusi viwili vya mafua ya paka, hapesi na kalisi. Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Johari alipata zote mbili kwa mpigo, katikati ya mabega, nikalipa, nikaambiwa kwaheri.

Tulikuwa bado ndani ya tuktuk alipoanza kujisugua uso kwa mguu wa mbele, anasugua haachi. Nilidhani ni hasira ya kikapu. Mara mdomo wa juu ukavimba, macho yakabaki mwanya, akatapika. Nilipomfunua mdomo, ufizi wake ambao siku zote ni wa waridi ulikuwa mweupe, naye anahema mdomo wazi. Paka mzima aliyetulia hahemi hivyo. Nikamwambia dereva, "Ndugu yangu, geuza turudi," naye Mungu ambariki, aligeuza palepale.

Niseme haki ya kliniki ile: kwenye dharura walikuwa hodari. Alidungwa adrenalini kabla hata sijamaliza kueleza, akawekewa oksijeni na dripu, kisha dawa za kutuliza mzio. Jioni uvimbe ulishuka akakubali kuguswa. Daktari aliniambia, "Mama, umemuwahi." Lakini kabla ya dharura hakuna aliyenieleza dalili za kuangalia, wala hakuna aliyeniambia tukae pale nusu saa. Mzio mkali wa chanjo kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika au saa chache. Nusu saa kwenye benchi la mapokezi haigharimu kitu, na ndiyo sababu kliniki ile naipa alama ndogo ingawa iliokoa paka wangu.

Shangazi yangu alikuwapo nyumbani nilipomrudisha amelegea. Akasema, "Mwanangu, achana na sindano. Paka Mungu kampa roho ngumu." Namheshimu, na najua wengi mnafikiri kama yeye, hasa mkishaona uso wa paka umevimba. Mimi sikukubaliana naye, na nitaeleza kwa nini.

Matatizo ya namna ya Johari ni machache mno. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2007 ulipitia kumbukumbu za karibu paka 500,000 waliochanjwa: ndani ya siku 30 baada ya chanjo, waliopata tatizo lolote lililoandikwa walikuwa kama 52 katika kila 10,000, na tatizo lililoongoza lilikuwa kulegea, pengine na homa. Sultani alikuwa hivyo. Upande wa pili kuna kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa ndio wanaoambukiza watu wengi zaidi, hilo ni kweli, lakini paka aking'atwa na mnyama mwenye kichaa anaambukizwa na kuambukiza vilevile. Sultani hubebwa na watoto wa mtaa mzima. Wanamvuta mkia, wanamlisha samaki, wanakwaruzwa. Siwezi kumwacha bila chanjo ile kisha niwatazame mama zao usoni.

Kwa hiyo swali langu likawa jingine: Johari achanjwe nini, lini, wapi mwilini, na nani atakuwa anamtazama. Kwa hili nilikwenda kwa daktari mwingine wa wanyama, na huyu ndiye ninayemsifu bila kusita. Alichukua kadi ya chanjo akaisoma mstari kwa mstari. Johari alipata dozi zake zote za utotoni na ya kukazia baadaye. Akaniambia mwongozo wa madaktari wa wanyama wadogo duniani, WSAVA, unasema paka mkubwa asiye kwenye hatari asirudiwe chanjo ya tatu kwa moja mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu, na kwamba kinga ya panleukopenia hasa hukaa muda mrefu. Kadi yetu ilikuwa imeandikwa "rudia mwakani". Kwa paka wa ndani aliyepata mzio wa kutishia uhai, daktari aliona hakuna sababu ya kumrudishia hiyo, akaifuta. Siku ukitaka uhakika, alisema, kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama kinga ya panleukopenia bado ipo. Kwa mafua kipimo hicho hakisaidii sana.

Ya kichaa tuliijadili kwa muda. Kwa sababu zilitolewa mbili pamoja, hatukuweza kujua ipi ilimdhuru, na hilo hadi leo linaniuma. Paka akishapata mzio mkali, kumchanja tena ni kupima hatari mbili, na daktari hakunificha. Lakini Sultani analala naye mkeka mmoja. Tukakubaliana: sindano ya kichaa peke yake, siku ya peke yake, adrenalini iko tayari mezani, dawa ya mzio imetangulia, na Johari abaki kliniki tangu asubuhi hadi mchana ili awe machoni mwa mtu. Haikutokea kitu. Alinuna, akala, akalala. Paka wako si Johari, na daktari wako anaweza kuamua vingine kwa sababu nzuri. Ninachosifia ni kwamba uamuzi ulifanywa mbele yangu, kwa sababu nilizozielewa.

Jambo la mahali pa kudunga sindano wenye paka wengi hawajalisikia. Mwaka 1991 wataalamu wa Pennsylvania, Marekani, walieleza kwamba saratani za nyama ya chini ya ngozi zilikuwa zikiota mahali palipodungwa chanjo, na chanjo zilizotiliwa shaka zaidi ni zile za kichaa na za leukemia ya paka (ugonjwa wa virusi unaoweza kuleta saratani ya damu) zenye chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga. Ni nadra: makadirio mengi ni kati ya paka mmoja kwa dozi 10,000 na mmoja kwa dozi 30,000. Lakini uvimbe huo ukiota katikati ya mabega hauondoleki kirahisi, una mizizi. Ukiota chini kwenye mguu, mguu unaweza kukatwa na paka akaishi. Ndiyo maana daktari mpya alimdunga Johari chini kabisa kwenye mguu wa nyuma wa kulia, akaandika hivyo kwenye kadi, pamoja na namba ya bechi kutoka kwenye kichupa. Sasa nataka hivyo kila mara. Aliyezoea mabega naye anaweza kuombwa, kwa adabu.

Sultani aliota kinundu kidogo kigumu mgongoni baada ya chanjo yake ya kwanza, nami nilikipapasa kila usiku nikimbembeleza. Kanuni niliyopewa ni rahisi kushika: kinundu kikikaa zaidi ya miezi mitatu, au kikizidi sentimita mbili, au kikiendelea kukua mwezi mmoja baada ya chanjo, kipimwe na daktari, kisisubiri. Chake kiliyeyuka kabla ya hapo.

Kuhusu madaktari wanaokuja nyumbani, ni huduma nzuri kwa paka mwoga, ila naangalia kisanduku cha baridi. Chanjo hizi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na joto letu la Mombasa la Februari halina huruma. Kichupa kikitoka mfukoni, nakataa. Ile ya tatu kwa moja mara nyingi ni unga mkavu unaochanganywa na maji yake wakati uleule, kwa hiyo naomba ichanganywe mbele yangu. Na nauliza kama adrenalini imo mkobani.

Bei ya chanjo ya kichaa peke yake ni ndogo kuliko ya tatu kwa moja, tena kampeni za bure hufanyika sehemu nyingi karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwa Sultani ningeenda bila wasiwasi. Kwa Johari, foleni ya uwanjani haimfai, nitalipa.

Paka mwenye mimba, au mwenye homa siku hiyo, msimpeleke kabla ya kumwambia daktari. Baadhi ya chanjo za tatu kwa moja zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na cha panleukopenia kinaweza kuharibu ubongo wa vinyau walio tumboni. Na baadhi ya chanjo za kichaa zimesajiliwa kudumu miaka mitatu, kwa hiyo ulizeni ya paka wenu ni ipi kabla ya kupanga tarehe ya kurudi.