Maytag Model E: mashine ya kufulia ya rola inayofaa kazi, ukiifunga ipasavyo

Maytag ilikuwa kampuni ya Newton, Iowa, na iliacha kutengeneza mashine za rola, yaani zinazokamua nguo kwa kuipitisha kati ya rola mbili za mpira, mwaka 1983. Maana yake hata Model E iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 40. Pamoja na umri huo, ndiyo mashine ya zamani tunayoweza kumshauri mtu aifunge nyumbani afulie kila wiki, si kuiweka sebuleni kama pambo. Tangi ni la mraba, la alumini nene ya kusubu, halishiki kutu. Chini ya tangi kuna mota, mkanda na gia boksi, basi. Hakuna kadi ya umeme, hakuna vali ya maji, hakuna kufuli ya mlango. Fundi mwenye spana, bisibisi na mita ya umeme anaimaliza yote.

Inatakatisha kwelikweli. Kikorogeo cha katikati huenda na kurudi, kinaisukuma nguo ndani ya maji mengi. Shuka hutakata kwa dakika 5 hadi 8, jinzi za kazi zipe 12. Sifa yake kubwa ni maji. Tangi hujazwa kwa mpira au ndoo, kama ndoo 3 za lita 20, na maji hayohayo ya sabuni yanafua mizigo kadhaa: nyeupe kwanza, kisha za rangi, kisha nyeusi, mwisho mazulia ya mlangoni. Kwenye mtaa wa maji ya mgao hilo si jambo dogo. Upungufu wake ni ukamuaji. Rola hazifikii mashine ya kisasa inayozungusha kwa kasi. Jinzi na taulo nene hutoka bado zina uzito, zinahitaji jua au upepo wa kutosha.

Unapokwenda kuikagua, anza na kikorogeo. Kinatakiwa kuvutika juu na kutoka kwa mikono. Sabuni iliyogandia kwenye mhimili hukifunga kabisa, na muuzaji akikwambia "kiko hivyo tu", ujue kuna kazi. Dawa yake ni kujaza maji ya moto hadi yakifunike, kuacha yalainishe ule ugandaji, kisha kuzungushia kamba chini ya mabawa na kuvuta wima. Usipige nyundo, usitie nondo pembeni. Mabawa yakipasuka hayaungiki. Baada ya hapo chungulia chini ya tangi. Oili inayodondoka ni dalili ya sili ya katikati kuchoka. Oili yenye rangi ya maziwa ni mbaya zaidi: maji yameshapita sili na kuingia kwenye gia boksi, na beringi zake zimeanza kuliwa. Mashine ya namna hiyo inunuliwe kwa bei ya vipuri tu. Halafu washa mota peke yake, kisha unganisha kikorogeo, kisha rola mbele na nyuma. Mota ikiunguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Mara nyingi swichi yake ya kuanzia imechafuka, lakini ukiiacha ingurume itaunguza koili.

Waya wa umeme badilisha bila mjadala. Mashine nyingi zilitoka na waya wa nyuzi mbili usio na ethi, na mpira wake sasa hukatika ukiukunja. Weka waya wa nyuzi tatu, na ule wa ethi ufungwe kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, ukiungana na bodi ya mota pia, kwa sababu mota imekaa juu ya mipira na mipira haipitishi umeme. Ukiwa Marekani au Kanada, chomeka kwenye soketi ya GFCI, ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kama soketi inakata kila mashine ikijazwa maji, usiibadilishe kwa soketi ya kawaida. Soketi imekuonyesha kwamba umeme unavuja, mara nyingi kwenye koili yenye unyevu au waya unaosugua fremu.

Sasa kwa wale wanaoitia kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Hapa ndipo mashine nyingi nzuri hufia. Mota ya Kimarekani imeandikwa volti 115, Hz 60 (Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Umeme wa kwetu ni volti 230 au 240, Hz 50. Transfoma ya kushusha hurekebisha volti tu, Hz inabaki 50. Mota iliyotengenezwa kuzunguka mara 1,725 kwa dakika hushuka hadi karibu 1,425, huvuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, na hupata joto hata ikiwa haina mzigo. Itafua wiki kadhaa, kisha utasikia harufu ya vanishi inayoungua.

Suluhisho ni kufunga mota ya hukuhuku: fezi moja, Hz 50, nguvu ya kilowati 0.25 hadi 0.37, mizunguko kama 1,400. Kwa kuwa iko polepole kuliko ile ya zamani, puli yake (gurudumu linalovuta mkanda) iwe na kipenyo mara 1.2 ya ile ya zamani. Kama puli ya zamani ina kipenyo cha milimita 63, mpya iwe na 76 hivi. Ukihamisha puli ileile, kikorogeo kitapoteza sehemu moja ya sita ya mwendo na shuka zitaelea tu. Shafti nayo hailingani: ya Kimarekani kwa kawaida ni nusu inchi, mota ndogo za hapa huja na milimita 11 au 14, kwa hiyo puli lazima ipite kwa fundi wa kukereza vyuma. Mkanda wa saizi A wa dukani unakaa vizuri. Ukiubonyeza katikati ulegee kama milimita 12. Kabla ya kung'oa mota ya zamani, iwashe na uchore mshale wa upande inakozunguka. Mpya ikienda kinyume, rola zitazunguka kinyume na maandishi yaliyo kwenye mpini wa kuziendesha, na hilo ni hatari. Fundi ageuze ncha za koili ya kuanzia. Upande wa umeme, weka kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme ukivuja, na waya wa milimita mraba 1.5.

Rola ziheshimiwe. Hazina akili ya kutofautisha shuka na kidole. Kabla ya kukamua nguo yoyote, pitisha taulo iliyokunjwa na upige kiachilio, yaani kitu cha usalama cha kuzifungua rola kwa dharura: rola zinatakiwa kuachana papo hapo. Kikisita, mashine isitumike hadi kifunguliwe, kisafishwe na kulainishwa. Ncha ya kanga ifungwe kiunoni, mtandio uvuliwe, misuko ifungwe nyuma, mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, na watoto wasiwepo. Nguo isukumwe kwa mwiko wa mbao. Vifungo na zipu vikunjiwe ndani, maana zipu hukata mpira wa rola na kifungo kikibanwa hupasuka. Ukimaliza, legeza mkazo. Rola zinazolala zimebanana hupata bapa, na bapa hiyo haiondoki.

Kuhusu mahali: sakafu ya sementi yenye shimo la kutolea maji, na nafasi ya mabeseni mawili makubwa ya kusuuzia pembeni, kwa kuwa rola hugeuka na kujifunga katika pande tofauti. Mashine isiyo na pampu hutoa maji kwa mteremko, hivyo mpira wake ukae umening'inizwa juu ya usawa wa maji hadi utakapoushusha. Yenye pampu inafaa kama unamwaga kwenye sinki, ila sili ya pampu ikague kwanza.

Alumini haipatani na magadi ya kufulia wala kostiki. Hugeuka nyeusi na kuacha alama za kijivu kwenye nguo nyeupe. Jiki iwe kidogo, na tangi lisuuzwe siku hiyohiyo. Rola mpya, mikanda na sili za katikati bado hupatikana Marekani kwa wanaokusanya na kukarabati mashine hizi, kwa hiyo nunua sili mbili na jozi moja ya rola kabla kontena halijafungwa. Gia za ndani ni ngumu kupata, na njia ya uhakika ni kusafirisha mashine ya pili iliyokufa mota.