ELM327 na pampu ya mkono: vinatosha kukamata hitilafu ya mvuke wa petroli?

Taa ya cheki injini ikiwaka na namba ikasoma P0440, P0442 au P0455, jibu la haraka gereji huwa moja tu: kanista imekufa, tafuta nyingine. Kanista ni lile kopo la mkaa linalohifadhi mvuke wa petroli kutoka tangini mpaka injini iuvute na kuuchoma. Hufa kweli, lakini kabla yake kuna mpira wa kifuniko cha tangi, valvu ya kunyonya iliyo karibu na injini (kwenye Toyota huitwa VSV) na mipira ya paipu iliyokauka. Vyote hivyo unaweza kuvipima nyumbani kwa vifaa viwili vya bei nafuu, ELM327 (kidude cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu) na pampu ya mkono ya kuvuta hewa, ambavyo kwa pamoja vina thamani ndogo kuliko kanista.

Tuanze na ELM327 ya bluetooth. Unaichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, unaiunganisha na simu (namba ya siri huwa 1234 au 0000), unafungua programu kama Torque au Car Scanner. Kwa iPhone, ile ya bluetooth ya kawaida haishiki. Tafuta ya Wi-Fi au ya bluetooth mpya, yaani BLE. Jihadhari na zilizoandikwa V2.1. Nyingi ni nakala zilizopunguzwa amri, na kwenye magari yasiyotumia CAN (mfumo wa mawasiliano wa kompyuta za magari mapya) zinazunguka tu bila kuunganika. Zilizoandikwa V1.5 kwa kawaida zina nafuu, ingawa maandishi ya kwenye kasha hayaaminiki sana.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kipimo cha uvujaji kinachotoa P0442 na P0455 kilizaliwa na sheria za Marekani, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo yamejaa Tabora na Kigoma, hayana kipimo hicho kabisa. Yana kanista, yana valvu, lakini kompyuta haichunguzi kama mvuke unavuja. Kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wa hali ya vipimo kwenye programu. Mfumo wa mvuke ukionekana haupo, usisubiri namba: harufu ya petroli nyuma ya gari ndiyo taarifa yako, na kazi yote inahamia kwenye pampu.

Gari likiwa na kipimo, namba zinasaidia kuchagua pa kuanzia. P0455 ni uvujaji mkubwa: kifuniko kilichosahauliwa sheli, au paipu iliyochomoka. P0442 inalenga tundu la kama milimita 1, na P0456 la nusu milimita, hapo macho hayatoshi. P0443 ni umeme wa valvu ya kunyonya, P0446 ni upande wa kanista kupumulia. Skana inaishia hapo. Haikwambii ni kifaa gani, na anayenunua spea kwa kusoma namba peke yake anacheza bahati nasibu.

Ambapo ELM327 inalipa hela yake ni kwenye takwimu za moja kwa moja. Injini ikiwa ya moto na iko sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), angalia marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kiasi gani, kisha bana kwa koleo lenye meno yaliyofunikwa kitambaa paipu inayotoka kwenye valvu ya kunyonya kwenda manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Programu ikionyesha valvu imeamriwa asilimia 0 na bado namba zinaruka ukibana, valvu inapitisha wakati inapaswa kuwa imefunga. Gari la namna hiyo hugoma kuwaka ukishajaza mafuta, kwa sababu injini inamezeshwa mvuke mtupu.

Sasa pampu ya mkono, ile yenye kishikio cha bastola na geji. Chomoa valvu ya kunyonya, iweke mezani mbali na gari. Unganisha pampu na mdomo wa upande wa manifoldi, vuta hadi inchi 15 za zebaki, kama kPa 50. Sindano ikae palepale. Ipe valvu volti 12 kupitia fyuzi ndogo: lazima ilie "tak" na sindano ishuke mara moja. Multimita kwenye pini zake kwa nyingi husoma kati ya omu 20 na 35. Ikionyesha umeme haupiti kabisa, koili imekatika. Valvu ya kupumulia ya kanista ni kinyume chake: bila umeme ipitishe hewa, ikipata umeme ifunge.

Usijaribu kuvuta tangi zima kwa pampu hii. Geji yake ni butu mno kwa shinikizo dogo la mfumo wa mvuke. Kwa kazi hiyo tumia mpira mwangavu wa levo wa mafundi ujenzi: ukunje umbo la U, mikono ya nusu mita na zaidi, tia maji nusu. Kwa kiungo cha T cha mpira wa kunyunyizia kioo unganisha mkono mmoja wa U, balbu ya mashine ya kupima presha ya mtu, na paipu inayorudi kwenye kanista baada ya kuichomoa kwenye valvu ya kunyonya. Ziba mdomo wa kupumulia wa kanista. Minya taratibu hadi tofauti ya maji ifike sm 36. Ukaguzi wa Marekani wa miaka ya tisini ulitumia kiwango hichohicho, inchi 14, na gari lilifeli likishuka chini ya inchi 8, yaani sm 20, ndani ya dakika 2.

Maji yakipanda kwa kuminya mara mbili tatu, usishangilie. Tangi lenye lita 20 za nafasi linahitaji kuminywa mara nyingi zaidi ya hapo. Maana yake kuna valvu au paipu iliyoziba kati, na umejaza kanista peke yake. Fanya kazi hii alfajiri, gari likiwa limelala kivulini. Jua la saa sita la Kigoma linachemsha petroli, maji yanapanda yenyewe na kuficha uvujaji. Kisha povu la sabuni kwenye shingo ya tangi, kifuniko na viungo. Kampresa ya gereji marufuku: inapasua sensa ya tangi, na hewa ikichanganyika na mvuke wa petroli inahitaji cheche moja tu.

Kwa magari ya njia za vumbi, angalia mapema kichujio cha mdomo wa kupumulia. Vumbi likikiziba, nozeli ya sheli inakatika kila sekunde chache ukijaza. Wadudu nao hujenga humo; mwaka 2011 Mazda ilirudisha maelfu ya Mazda6 Marekani kwa sababu ya utando wa buibui kwenye paipu hizi. Na tabia ya kujaza mpaka shingoni kabla ya safari hupeleka petroli mbichi kwenye mkaa. Kanista iliyolowa, nzito, inayomwaga punje nyeusi ukiigeuza, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Alama zetu: pampu 4 kati ya 5, ELM327 3. Pampu inapoteza moja kwa sababu ya viunganishi vya plastiki vinavyovuja vyenyewe. Dukani ziba mdomo wake kwa kidole, vuta, hesabu dakika moja. Sindano ikiteleza, irudishe kabatini. ELM327 ichomekwe kwenye gari lako hapohapo nje ya duka na isome mzunguko wa injini. Muuzaji akikataa ijaribiwe kabla ya kulipa, mwachie.