Gesti ya Shilingi 350 Malindi: Mashuka Safi, Hesabu Chungu

Naanza na mashuka, kwa kuwa mimi ni mshonaji na jicho langu huenda huko kwanza. Ya gesti hii ni ya tetroni, yamefuliwa mpaka yamelainika, na shuka nililotandikiwa lilikuwa na mshono katikati. Mwenye gesti alilikata lilipochakaa, akazigeuza pande za pembeni ambazo bado zilikuwa nzima, akaziunganisha. Bibi zetu walifanya hivyo, siku hizi watu hutupa. Mshono umekunjwa mara mbili, umelala bapa, haukwaruzi mgongo. Nyota moja nampa kwa hilo peke yake.

Gesti iko mitaa ya nyuma ya soko, Malindi. Jina silitaji. Nina mabaya ya kusema pia, na mama mwenye gesti aliniheshimu tangu siku ya kwanza.

Ni nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa kuwa biashara: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani vyoo viwili na bafu moja. Zamani iliezekwa makuti, sasa ni mabati, kwa hiyo saa nane mchana chumbani hapakaliki. Feni ipo, nayo inafanya kazi ikiwa tokeni za stima hazijaisha. Maji ya kuoga ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama kamba. Ya kunywa unanunua mtungi kwa wenye mikokoteni. Chandarua changu kilikuwa na matundu, nikakiziba kwa uzi wangu mwenyewe, na hilo nalikata kwenye nyota. Choo ni kisafi. Mama anakiosha kila alfajiri kabla ya mtu kuamka, na wageni wakichafua anasema nao waziwazi koridoni, kila mtu asikie.

Bei ni shilingi 350 kwa usiku, watoto hawahesabiwi, na lazima uwe umelipa kabla ya saa nne asubuhi. Ukilipa wiki nzima kwa pamoja anakufanyia 2,100, yaani 300 kwa usiku. Bei nzuri, ila kwa muda wote niliokaa pale sikumwona mtu hata mmoja aliyeilipa ya wiki. Mwenye 2,100 mkononi kwa mara moja hakai pale.

Mgeni akipita barabarani atadhani gesti kama hii ni ya madereva wa malori na wachuuzi wa nguo. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndivyo ilivyo. Mimi niliingia wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, na vyumba vinne kati ya sita vilikuwa na familia za hapa hapa Malindi, watu wa Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, na masufuria yao chini ya kitanda. Kupika chumbani ni marufuku. Mama alituruhusu jiko la makaa uani kuanzia magharibi, na akawa anajifanya hasikii harufu ya mbaazi asubuhi.

Nilifikaje pale? Nyumba niliyopanga ilikuwa ya mtu mmoja na kiwanja cha mtu mwingine. Anayetoka bara huona ajabu, lakini Pwani ni jambo la kila siku: unajenga nyumba yako, unapangisha vyumba, na wewe mwenyewe unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mizizi yake ni mirefu, inafika mpaka sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambapo waliojua kwenda kudai walipata hati, na wengi wakabaki wapangaji juu ya ardhi waliyozaliwa. Mwenye kiwanja wetu akauza. Aliyenunua alitaka kiwanja kitupu. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya 2016, inamtaka mwenye ardhi atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu hata kwa aliyevamia ardhi yake. Sisi tuliokuwa tukilipa kodi tuliambiwa kwa mdomo, mwisho wa mwezi muwe mmetoka.

Chumba kingine hakikuwa shida kupata, na ningependa hili lieleweke. Malindi vyumba vipo. Dalali alinionyesha kimoja Muyeye, kizuri, kodi 3,500. Shida ilikuwa mlangoni: kodi ya mwezi 3,500, amana 3,500, dalali 1,500, mkokoteni wa kuhamisha cherehani, kitanda na kabati 500. Jumla 9,000, siku moja, kabla hujapewa ufunguo. Sikuwa nazo. Nilikuwa na za kulala usiku huo.

Sasa tazama. Shilingi 350 mara siku 30 ni 10,500. Mwezi mmoja wa gesti unazidi gharama yote ya kuingia chumba cha Muyeye, na ni mara tatu ya kodi yenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nalipa pesa ambazo kama ningeziweka zingenitoa, na sikuweza kuziweka kwa sababu nilikuwa nazilipa. Cherehani ilikaa kwa shoga yangu, nikawa nashona kwa zamu yake, nusu ya kazi niliyozoea. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa akivuka mji mzima kwenda shule ile ile.

Nilimwambia mama mwenye gesti, mama, wewe umegeuka idara ya nyumba. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi serikali sina. Mimi nina vyumba sita na mkopo wa mabati."

Chumba cha mwisho koridoni alikaa kijana mhudumu wa hoteli, mkewe na mtoto mchanga. Hoteli zetu nyingi hufunga au kupunguza watu baada ya Pasaka, bahari inachafuka, watalii wanaondoka, wafanyakazi wanaambiwa wakapumzike nyumbani bila mshahara mpaka msimu urudi. Wavuvi nao kusi huwabana, mashua ndogo hazitoki. Kwa hiyo kodi za Malindi hukwama mwezi ule ule kila mwaka. Kijana yule alidaiwa miezi miwili, akarudi na kukuta kufuli la mwenye nyumba juu ya lake. Msimu ukirudi angekuwa na mshahara tena, na Desemba bakshishi juu yake. Mtu wa aina hii anahitaji kuvushwa Mei mpaka Julai, basi. Hili halihitaji mtaalamu kulitabiri. Muulize muuza mahamri yeyote.

Na kijana huyu, acha nikwambie, ni mchangiaji wa nyumba. Alinionyesha hati yake ya mshahara wa miezi ya kazi. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Kwa mshahara wake wa 18,000 ni 270 kutoka kwake na 270 kutoka hotelini, 540 kila mwezi. Sheria hiyo hiyo inasema nyumba za kijamii ni za wenye kipato cha chini ya 20,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa maandishi yeye ndiye mlengwa. Miezi minane ya kazi, makato yake na ya mwajiri wake ni 4,320. Kodi yake ilikuwa 2,500. Yaani karibu miezi miwili aliyodaiwa imo ndani ya makato yake na ya mwajiri wake, ila mfuko ule ni wa kujenga nyumba. Kumzuia mtu asitoke kwenye nyumba aliyomo tayari hakumo.

Sisemi nyumba zisijengwe. Zijengwe, na Malindi zije nyingi. Lakini ghorofa ni kazi ya miaka, na kufuli ni kazi ya dakika tano. Binamu yangu aliyeolewa Uingereza aliniambia kwao England kuna sheria ya 2017, iliyoanza kazi Aprili 2018, inayoilazimu halmashauri kuanza kumsaidia mtu ambaye huenda akakosa makao ndani ya siku 56 zijazo. Kabla hajatoka. Hata huko hawajamaliza tatizo, familia nyingi bado zinalazwa hotelini kwa fedha za halmashauri, naye alinieleza hivyo bila kuficha. Lakini angalau mtu ana mahali pa kwenda na barua yake ya kufukuzwa. Mimi, niliyefukuzwa kwa mdomo, ningekwenda wapi? Nilimwendea mzee wa mtaa, akanipa pole na chai ya tangawizi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Jedwali la Nne linaiweka kazi ya nyumba kwenye kaunti, na sera ya nyumba kwa serikali ya taifa. Kwa hiyo nikisema bajeti ya kaunti itenge fungu la kuwavusha watu wasikose makao, sikosei mlango. Kaunti ya Kilifi hupata zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka kutoka mgao wa taifa. Toa milioni 10. Hiyo haifiki shilingi moja katika kila elfu. Ukigawanya kwa 9,000 zangu za mlangoni, ni familia 1,111. Kwa wanaodaiwa miezi miwili kama yule kijana, zinafika 2,000.

Najua yatakayosemwa. Watu watadanganya. Wenye nyumba watapandisha kodi. Baadhi watadanganya, ndiyo. Kwa hiyo pesa zisimguse mwombaji, ziende kwenye simu ya mwenye nyumba moja kwa moja, na yeye asaini kwamba hatamfukuza wala kumpandishia kwa miezi sita. Wenye mishahara ya msimu wawekewe kama mkopo usio na riba, walipe kuanzia Desemba. Wajane na wagonjwa wasidaiwe. Mzee wa mtaa atoe ushahidi kwamba anamjua mwombaji, lakini asiwe yeye anayechagua nani apewe, maana wazee wetu tunawapenda na tunajua wana shangazi wangapi.

Mimi nilitokaje? Chama, kile cha wanawake kuchangishana na kupokea kwa zamu. Zamu ya mwenzangu ilifika, akanipisha, nikapokea yeye akasubiri. Hiyo ndiyo hazina ya kuzuia watu kukosa makao iliyopo Malindi kwa sasa: wanawake kumi na wawili na daftari. Yule mke wa mhudumu hakuwa na chama. Niliwaacha pale.

Basi hukumu yangu kwa gesti: nyota tatu na nusu. Usafi nne, maji mbili, usalama nne (mlango wa mbele unafungwa saa nne usiku na mama analala karibu nao). Ukiwa peke yako na unapita, nenda, utalala vizuri. Ukiwa na watoto omba chumba cha pili mkono wa kushoto, ndicho kinachopata upepo wa bahari, na uchunguze chandarua kabla ya kulipa.

Kama mahali pa familia ya Malindi kukaa mwezi mzima, siipi nyota yoyote, na kosa si la mama.

Chama chetu tumeandika ukurasa mmoja wa kumpelekea mwakilishi wadi. Tuliambiwa na karani mmoja mwenye huruma kwamba watu hukosea kuja Aprili. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, lakini waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari, na humo ndimo kila idara inawekewa kikomo chake. Ukichelewa hapo unaomba nafasi kwenye chumba kilichojaa. Kwa hiyo ukurasa wetu unakwenda Januari, wakati hoteli zimejaa na hakuna anayefikiria kusi. Tumeomba fungu lenye jina lake, lisichanganywe na ukarabati wa ofisi. Tumeomba ripoti ya kila robo mwaka ibandikwe sokoni, familia ngapi na kiasi gani. Na tumeomba nusu ya pesa isiguswe kabla ya Aprili, maana mwaka wa bajeti unaanza Julai, na kusi ya mwaka unaofuata ikifika pesa za namna hii huwa zimeshapata shughuli nyingine.